Shangazi Amenikuta Juu ya Kinga

Leo nimepata aibu. Tena si ile ya kugawana na mtu, hii ni yote yangu.

Najua mnaniuliza humu kwenye grupu tangu asubuhi. "Amisi, ulipotelea wapi?" "Amisi, mbona ulisimama karibu na kilele?" "Ile sauti ya vyombo ilikuwa ya nini?" Nimewasoma wote. Sikuwa na uso wa kujibu. Sasa nimeoga, nimekula, na Mama amekubali kutoka chumbani kwake, kwa hiyo naweza kuandika.

Kocha Neema, wewe soma ukiwa umekaa. Wewe ndiye uliyenimaliza.

Nianze taratibu kwa ajili ya wale walioingia grupu juzi, wasije wakadhani sisi ni watu wa ajabu. (Ni wa ajabu kidogo.) Sisi humu tunaendesha kinga bila kutoka nyumbani. Kinga ndiyo hiyo wengine wenu mnaiita baiskeli. Sisi hapa Kalemie, na Bukavu pia, ni kinga toka babu zetu. Kila mtu anainua gurudumu la nyuma la kinga yake lisiguse chini, anafunga kidude kidogo cha kuhesabu mizunguko, anaweka simu mbele yake. Ukikanyaga pedali, kwenye simu inatokea barabara, inatokea milima, na kuna mtu mdogo mwenye kofia ambaye ndiye wewe. Wenzako nao wako palepale, mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Bujumbura. Wakati huohuo tunapigiana simu ya pamoja, Kocha Neema anatufokea kutoka Bukavu, sisi tunakanyaga. Jasho ni la kweli. Safari ndiyo hakuna.

Wengine wenu mna vifaa vya maana. Mimi kinga yangu ni ile nyeusi ya chuma, ya kawaida kabisa, yenye keria ya kubebea gunia na kengele ya kufukuzia mbuzi. Haina gia. Mlima ukitokea kwenye simu, ninyi mnabadilisha gia, mimi nabadilisha sura. Na ile stendi ya kuinulia gurudumu sikununua. Niliigonga mwenyewe kwa mbao na misumari. Mama alinishauri nimwite seremala. Nikamwambia, "Mama, seremala wa nini? Mbao nne tu hizi!" (Endeleeni kusoma.)

Mtauliza kwa nini nisipande nje kama watu. Nilijaribu. Siku moja nilishika njia ya kwenda Kabimba, nikapishana na lori la simenti, nikarudi nyumbani nimekuwa mweupe kama mzimu. Lakini vumbi si tatizo. Tatizo ni watu. Hapa kwetu kinga inabeba makala ya kupikia, inabeba mawese, inabeba mgonjwa. Mtu mzima akipita juu ya kinga tupu, anahema, hana hata kuku kwenye keria, watu wanasimama. "Papa Amisi, kuna nini? Nani amekufa?" Nikasema hakuna aliyekufa, nafanya spoo, mazoezi tu. Wakaniangalia tumbo. Wakasema, "Ah, pole." Tangu hapo nikahamia chumbani.

Sasa hilo tumbo. Mimi kazi yangu ni ya biro, ya ofisini, pale bandarini, nakaa kwenye kiti toka asubuhi. Tumbo likaja polepole, kistaarabu, bila kupiga hodi. Mwanzoni halikunisumbua. Lilianza kunisumbua nilipompenda Mwamini.

Mwamini ndiye mchumba wangu. Baba na mama yake walishafariki, amelelewa na shangazi yake, dada wa baba, anayeishi Kigoma ng'ambo ya ziwa. Mwamini mwenyewe ameshanikubali. Wajomba zake wa hapa Kalemie wameshanikubali. Lakini kwenye ukoo ule, Shangazi akisema hapana, ni hapana, hata kama pilau liko jikoni. Kuna kijana alinitangulia, ana nyumba, ana duka. Shangazi alivuka, akakaa naye, akanywa chai, akarudi Kigoma. Jibu likaja kwa simu: hapana. Kwa nini? Alimkatiza mkubwa wakati anaongea. Basi! Kijana wa watu akaoa kwingine.

"Shangazi haangalii mali," Mwamini aliniambia. "Anaangalia tabia. Akija, wewe kaa, nyamaza, jibu unachoulizwa. Na hilo tumbo lipunguze, asije akaniuliza una miezi mingapi."

Mimi nampenda Mwamini. Naandika hapa mbele yenu wote na sioni haya. Nikilifikiria lile "hapana" la Kigoma, mkate naurudisha mezani. Ndiyo maana mnaniona kila asubuhi nakufa juu ya kinga nyeusi.

Shangazi alitarajiwa kesho. Kesho, jamani! Kanzu imepigwa pasi, kuku wamechaguliwa, hotuba nimeikariri. Leo ilikuwa Jumapili ya kawaida, siku yetu ya mlima mrefu.

Nikaamka, nikavaa. Hapa niseme ukweli wote, maana umeshajulikana. Kaptura yangu ya mazoezi ilikuwa imefuliwa, iko kwenye kamba, imelowa. Nikaazima taiti ya dada yangu Sifa. Ya maua. Maua makubwa, mekundu. Juu sikuvaa kitu, kwa sababu ya joto. Nilijiambia, nani ataniona?

Chumba changu kinatazamana na salon, yaani sebule. Katikati hakuna mlango, kuna pazia tu. Kinga naielekeza kwenye pazia, kwa sababu hewa yote inatokea huko. Nikaweka simu kwenye usukani, sauti hadi mwisho, nikapanda, tukaanza. Mnakumbuka. Kocha alikuwa mkali leo. Na stendi yangu ilikuwa imeanza kulia, kwiki, kwiki, kwiki, kila nikikanyaga. Niliisikia. Nikasema itanyamaza yenyewe.

Tukiwa tumefika katikati ya mlima, Sifa akaingiza kichwa kwenye pazia.

"Kaka, wageni."

Sikuuliza wageni gani. Nyumba yetu haikosi wageni, wa chumvi, wa chaja, wa kuuliza kama umeme umerudi. Nikajibu kwa sauti kubwa, maana Kocha alikuwa anafoka:

"Wasubiri! Niache nimalizie!"

Sifa akatoa kichwa. Hakusema kitu zaidi. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja, tumenyonya ziwa moja.

Sasa yaliyoendelea salon mimi sikuyasikia. Simu inapiga kelele, stendi inalia, mimi mwenyewe nahema. Nimesimuliwa na Sifa, ambaye alikuwa palepale anamimina chai. Amenisimulia mara nyingi tangu mchana, na kila mara anaongeza kicheko.

Waliokuja walikuwa Shangazi na Baba Mdogo wa Mwamini. Walipata boti ya mapema. Shangazi ni mwanamke mrefu, buibui jeusi, miwani, mkononi mwavuli ambao haufunguliwi hata kwenye mvua. Baba Mdogo ni mzee mpole, haongei. Mama akawapokea vizuri, akawakalisha kwenye makochi, mbele ya pazia langu. Mama akafurahi kweli. Alitaka kunisifu kabla sijatoka.

Kumbukeni tu kitu kimoja. Mama yangu ni mtu wa Nyunzu. Kiswahili chake ni cha kwetu huku, "ndiyo" na "ndiye" kwake ni "njo", na Kigoma hajawahi kufika hata siku moja.

Wakaulizana habari za safari, habari za watoto. Wakiwa wanapokea vikombe, kutoka nyuma ya pazia ikasikika: kwiki, kwiki, kwiki.

Na mtu anahema.

Na sauti ya mwanamke: "Kaza, Amisi! Usilegee sasa! Usisimame!"

Shangazi akaweka kikombe chini. Akamtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo akatazama paa.

"Mama Amisi," Shangazi akasema pole pole, "kijana yuko wapi?"

"Iko mule chumba," Mama akajibu, uso umejaa tabasamu. "Hapana kuogopa, mama. Iko na kinga."

Wasomaji wa Tanzania, najua mmeshaacha kunywa chai. Kwenu nyie kinga ni kile kitu kinachohubiriwa kwenye mabango ya hospitali, kile cha kwenye paketi ndogo, cha watu wazima wanaojihadhari. Mimi mwenyewe najua. Nimeyaona mabango. Lakini naapa, maneno haya mawili sikuwahi kuyakutanisha kichwani. Moja liko kwenye bango, jingine liko chumbani limeegemezwa ukutani.

Sifa anajua yote mawili. Anavuka ziwa kununua vitenge Kigoma, walishamcheka huko sokoni kwa neno hilohilo. Angeweza kusema palepale, yakaisha. Anasema alijaribu, lakini kila akifungua mdomo inatoka pumzi tu. Akaendelea kumimina chai, kikombe kikajaa, ikamwagika kwenye sahani.

"Iko na kinga," Shangazi akarudia.

"Ndiyo! Kila asubuhi anapandaka. Siku ingine na jioni tena. Mutoto ana bidii, mama, mpaka ninamuonea huruma."

"Na wewe mama mtu unajua?"

"Nakosa kujua namna gani? Njo mimi nilimununulia."

"Wewe!"

"Mimi mwenyewe. Mbele alikuwa anatumia ile ya marehemu baba yake."

Hapa Baba Mdogo alikohoa, na Sifa anasema ndiyo sauti pekee aliyoitoa asubuhi nzima.

"Ya... ya baba yake?" Shangazi akauliza.

"Ya baba yake. Lakini ile ilizeeka. Ilikuwa inatoboka kila saa. Tukaweka kiraka, tukaweka kiraka, mwisho nikasema hapana, mutoto atapata shida njiani."

"Astaghfirullah!"

"Njo vile, mama, maisha ni magumu. Sasa hii ni mupya, ya nguvu. Majirani wote wanakujaka kuazima."

"Kuazima!"

"Mimi siwanyimi. Muntu ni jirani. Ila ninawaambia waipanguse mbele ya kurudisha."

Kutoka nyuma ya pazia, mwanamke akafoka: "Panda, Amisi, panda! Bado kidogo tu! Wenzako wamekupita!"

Na mimi (nakumbuka nililisema, na ninyi mlilisikia) nikalia kwa sauti: "Neema, nakufa!"

"Hufi! Malizia!"

Shangazi akasimama. Sifa anasema alisimama kwa utulivu wake wote, akachukua mwavuli, akamwambia Baba Mdogo, "Inuka. Boti ya kurudi inaondoka saa ngapi?"

Mama akashangaa. "Mama, munaenda wapi? Hamujamuona kijana!"

"Nimemsikia," Shangazi akasema. "Inatosha."

Mimi huku ndani nilikuwa karibu kufika kileleni. Mlima ule, mnajua, mwishoni kuna sehemu kali, ukiipita unaona bendera. Nikaiona bendera. Sijawahi kuiona tangu tuanze mazoezi haya. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga kwa kila kitu nilichokuwa nacho, na stendi, ambayo ilikuwa inalia muda wote huo, ikanyamaza.

Ilinyamaza kwa sababu ilipasuka.

Gurudumu la nyuma likashuka kwenye sakafu likiwa linazunguka kama pangaboi. Tairi mupya, ya nguvu, ile ambayo majirani wanaazima. Likashika simenti. Na kinga, ambayo tangu siku ile ya lori haijatoka chumbani isipokuwa kwenda kwa watu wengine, ikaamua kwenda mahali.

Nilipita kwenye pazia. Nasema nilipita, lakini pazia halikupita, lilikuja na mimi, na fimbo yake. Likanifunika kichwa. Sioni kitu. Nikapiga kengele. (Msiniulize kwa nini. Ukiwa kwenye kinga na huoni mbele, mkono unapiga kengele wenyewe.) Ngring, ngring! Nikasikia Mama anapiga kelele, nikasikia meza ya chai, nikasikia vikombe vyote vya maua ambavyo hutolewa Idi na harusi. Kisha kitu laini kikatusimamisha.

Nikatoa pazia usoni.

Gurudumu la mbele lilikuwa katikati ya magoti ya Baba Mdogo, kwenye kochi. Hajaumia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyepewa ashike kidogo. Nyuma yake amesimama mwanamke mrefu mwenye miwani na mwavuli. Nimeshaiona ile miwani kwenye picha za Mwamini.

Mimi kifua wazi. Jasho linatiririka. Taiti ya maua.

Nikasema, "Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia. Jamani, mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa? Nikamwona Mwamini anaolewa kwingine, nikaiona hata rangi ya makochi ya huko alikoolewa.

Shangazi akaangalia kinga, lakini kama mtu anavyoangalia samani, hakuitilia maanani. Akaangalia chumbani kwangu, ambako sasa hakuna pazia, kila kitu kiko wazi. Akauliza swali moja.

"Mwanamke yuko wapi?"

"Mwanamke gani, Shangazi?"

Na hapo ndipo wewe, Kocha Neema, ulipoamua kuongea. Simu ilikuwa imeruka kutoka kwenye usukani, imeingia chini ya kitanda changu. Kutoka chini ya kitanda, kwa sauti safi kabisa, ukasema:

"Amisi! Mbona umekimbia? Rudi! Sisi huku bado tunaendelea!"

"Sisi!" Shangazi akasema. Akaongeza, taratibu: "Kwani wako wangapi?"

Nilifungua mdomo. Hotuba yote niliyoikariri, hata bismillah sikuipata.

Shangazi akaingia chumbani. Akainua shuka kwa ncha ya mwavuli. Akatazama nyuma ya mlango wa kabati. Kisha, mama yule mkubwa, mwenye heshima zake, akapiga magoti kwenye sakafu yangu, akachungulia chini ya kitanda. Akaivuta simu kwa mpini wa mwavuli, akaishika mbali na uso kama panya aliyekufa.

"Wewe ni nani?" akaiuliza.

"Mimi Neema. Na wewe?"

"Mimi ni shangazi wa mchumba wake."

"Aaa! Karibu sana, Shangazi! Huyu kijana ni wangu, mimi ndiye namfundisha."

"Unamfundisha nini?"

"Kinga! Alipokuja alikuwa hajui kitu, akipanda kidogo tu amechoka. Sasa anaenda mpaka mwisho. Na wewe kama unataka, Shangazi, tunapokea hata wamama. Umri si kitu."

Kocha, najua ulikuwa na nia njema. Nimekusamehe. Lakini nilimwona Baba Mdogo anafumba macho na kuanza kusoma dua, na bado ameshika usukani.

Ndipo Sifa pumzi ikamrudi. Akaweka birika chini, machozi yanamtoka, akapiga kelele:

"Shangazi, kinga ni baiskeli! Kwetu huku kinga ni baiskeli!"

Chai ilikuwa bado inadondoka kutoka mezani, polepole, tik, tik, tik.

Shangazi akaangalia simu. Kwenye simu, watu wadogo wenye kofia wanapanda mlima, na mmoja amelala kando ya njia, juu yake imeandikwa Amisi. Akaiangalia kinga. Safari hii akaiangalia kweli, toka kengele mpaka keria. Akaziona mbao zilizopasuka, akamalizia kwenye taiti.

"Baiskeli," akasema.

"Baiskeli," nikasema.

"Ndani ya nyumba."

"Ndiyo, Shangazi."

"Unakwenda wapi nayo?"

"Siendi mahali, Shangazi."

Mama ndiye aliyekuwa hajaelewa. Alikuwa anaokota vipande vya vikombe, akainuka navyo mkononi. "Kwani kwenu munaita nini? Na kama baiskeli njo kinga, kinga ya kwenu ni nini?"

Baba Mdogo akarudi kutazama paa. Sifa akasogea, akamnong'oneza sikioni.

Nilimtazama Mama usoni wakati neno linaingia. Aliganda kwanza. Halafu nikaona anarudi nyuma kwenye mazungumzo yote, sentensi moja moja. Midomo inatembea. Akafika kwenye majirani. Akashika shavu. Akafika kwa marehemu baba.

"Mayo!" Mama akalia. "Nimesema ya baba yake ilitoboka!"

"Umesema," Shangazi akamwambia.

"Nimesema tukaweka kiraka!"

"Mara nyingi, umesema."

Mama akajifunika kitenge uso mzima, akakimbilia chumbani kwake, akajifungia. Tukamsikia huko anamwomba marehemu msamaha.

Na hapo nikamwona Shangazi anageukia ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia kwa hasira, nikajua yamekwisha. Nikashuka kwenye kinga, nikajifunga pazia kiunoni, nikasogea, nikasema yote bila mpangilio wowote. Nikasema, Shangazi, nisamehe, mimi si mhuni. Nimenenepa kwa sababu ya kazi. Mwamini aliniambia wewe ni mtu wa tabia, nikaogopa utaniona mlegevu, nikaanza hii. Kila siku nakanyaga. Sijawahi kuiona bendera ya kileleni, leo ndiyo siku ya kwanza. Ukisema hapana nitakuelewa, ila ujue ninampenda Mwamini, sina mwingine, chini ya kitanda wala juu yake.

Shangazi akageuka. Hakuwa analia. Miwani alikuwa ameivua, anajipangusa macho kwa ncha ya buibui, na kicheko kimembana mpaka amekosa sauti. Alipoona nimejifunga pazia na fimbo yake inaning'inia, akaketi palepale kwenye kitanda changu. Mwanamke aliyekataa mwanamume mwenye duka akacheka mpaka akaomba maji.

Baba Mdogo ndiye aliyeniletea fulana. Kisha akaikagua kinga, akapiga kengele mara moja, taratibu, akaonekana ameridhika.

Wamekaa mpaka baada ya adhuhuri. Mama alitolewa chumbani kwa kubembelezwa na Shangazi mwenyewe, kupitia tundu la mlango. "Toka, dada yangu. Hata sisi ya mume wangu ilizeeka." Wakacheka wote wawili mpaka sisi watoto tukaondoka. Wali umepikwa, samaki wameliwa, na kila aliyetamka neno lile aliangaliwa.

Walipokuwa wanaondoka nikawasindikiza mpaka barabarani, nimevaa kanzu. Nilikuwa sijapata jibu. Nilikaa kimya kama nilivyofundishwa. Shangazi akasimama, akanitazama, akauliza:

"Ile kazi unaifanya kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, Shangazi."

"Unahangaika, unatoka jasho, mwanamke anakufokea, na huendi popote."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kesho yake unapanda tena."

"Napanda tena."

Akamgeukia Baba Mdogo. "Huyu ndoa ataiweza. Mwambie Mwamini nimekubali."

Basi, ndugu zangu, nimepata mke. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, humu humu. Siku ya pilau nitaangalia meno ya mtu mmoja mmoja, nisione anayecheka.